Mizani ya Cucu Imo Kabatini Mwangu

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali usichapishe jina langu kwa sababu huku Timau watu wana midomo na mimi ni mzee wa kanisa.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika depo ya mayai ya ushirika, kazi yangu ilikuwa kupima na kupanga, makubwa huku, ya kati hapa, madogo kule, na kuyamulika kwa taa tuone kama yameharibika ndani, na ushirika ulipokufa vyombo vyote vikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, nami nikaona uchungu nikaanza kuvinunua. Sasa nina kabati zima sebuleni, kuna mizani zilizoachwa na masetla walioondoka baada ya uhuru, kuna taa za kumulika, kuna ubao wenye matundu wa kupimia ukubwa wa yai, na mke wangu Mukiri hulalamika kwamba wageni wakija hakuna pa kuweka vikombe. Si pombe Shangazi, si wanawake, ni kupenda tu.

Binti yetu Kaari amepata mchumba anayeitwa Nyamu, mwalimu kutoka Kiritiri huko Mbeere, kijana mzuri, sina neno naye. Tulipoenda kuona boma lao tukakaribishwa chai kwa nyanya yake, Cucu Ciakuthii, na hapo dirishani nikaona mizani ya bati ya kupima yai moja moja, ina kikombe kidogo na mshale unaoonyesha kama yai ni kubwa au dogo, nikaitambua papo hapo, ni aina ile ile niliyoishika siku yangu ya kwanza kazini, na ndiyo pekee inayokosekana kabatini, Shangazi nilikisahau kikombe mkononi mpaka chai ikanimwagikia.

Basi wazee wao walipokuja kwangu kuzungumza mambo ya ruracio, yaani mahari, mbuzi wakakubaliwa, asali ikakubaliwa, blanketi la mama likakubaliwa, halafu wakauliza kama kuna kitu kimesahaulika, nami nikasema huku nikicheka kwamba boma hili halitashiba bila ile mizani ya mayai. Wote wakacheka. Nilidhani ni mzaha, au labda nilitaka wao wadhani ni mzaha, lakini neno likishatamkwa mbele ya wazee siku kama ile limetamkwa, na walipoleta mbuzi, Cucu mwenyewe alikuja nao, ameifunga mizani kwa leso yake. Akaniuliza, "Huku kwako itakuwa ikipima mayai?" Nikamwambia, "Hapana Cucu, huku itapumzika." Watu wakacheka tena, yeye hakucheka.

Sasa Nyamu amemweleza Kaari kwamba kuku wa Cucu bado wanataga, na kwamba wajukuu wote wamekua wakicheza na mizani ile, yai likiwekwa kila mtoto anabahatisha mshale utasimama wapi, anayepatia anachemshiwa hilo yai, na siku hizi watoto wakienda huambiwa hakuna mchezo, na Cucu mwenyewe amekihamisha kiti chake kutoka pale dirishani. Kaari akaja akanisimamia hapa sebuleni akasema, "Baba, siwezi kuingia kwenye nyumba uliyoipokonya. Mizani irudi ama harusi ingoje." Na tangazo la ndoa limeshasomwa kanisani!

Nilikuwa tayari kuirudisha, lakini mzee wa ukoo wetu, Thuranira, alinishika mkono akaniambia kitu kilichopokelewa na wazee kwenye ruracio hakirudi, kikirudi ni kusema tumemchukua tena msichana wetu na uchumba umekufa. Kwa hiyo nikiirudisha nimevunja ndoa, na nisipoirudisha binti yangu haolewi. Na nikueleze ukweli wote Shangazi, Thuranira aliposema vile, roho yangu ilifurahi. Kisha Kaari akapita bila kunisalimu, furaha yote ikaniisha. Nifanyeje?

Baba Aliyebanwa, Timau

SHANGAZI ANAJIBU

Mzee wangu, jina nimelificha kama ulivyotaka, lakini umewataja wengine wote, na sidhani Timau nzima ina makabati mawili ya mizani za mayai. Hayo utajitetea mwenyewe kanisani.

Pole, kwanza. Kupenda vyombo vya kazi yako si kosa, na mimi sitakucheka. Wengine waliuza kwa kilo, wewe ukaviweka, na umefanya vizuri. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vimetupwa. Mizani ya Cucu ilikuwa kazini. Uliiokoa kutoka kwa nani hasa?

Halafu unaniambia habari ya mzaha. Ala! Mzaha siku ya ruracio, siku ambayo hata ukikohoa wazee wanauliza umetaka nini? Ulijua hakuna mtu wa Kiritiri angekukatalia, maana kukataa ni kumkosesha kijana wao mke. Ungeweza kumwomba siku ile ya chai, nyinyi wawili, akakwambia la na mkaendelea kunywa. Ulingoja mahali ambapo mama mzee hangeweza kusema la. Hilo ndilo linalomuuma binti yako, na nafurahi kwamba umezaa mtoto wa kuumwa na jambo kama hilo.

Sasa tuje kwa mzee Thuranira. Usibishane naye, anachosema ni kweli. Kilichopokelewa hakirudi. Lakini hebu niambie, Kaari anakwenda kwake mikono mitupu? Mama yake hampi masufuria, birika, matandiko? Mali iliyofika bomani mwako ni yako, na sijawahi kusikia baba akiulizwa na wazee ni nini amempa binti yake aondoke nacho. Mpe mizani. Mpe mbele ya Thuranira, mchana, aone kwa macho yake kwamba hakuna kilichorudishwa.

Ila usijifiche nyuma ya masufuria ya harusi. Wiki hii panda gari uende Kiritiri na mkeo, usimtume Nyamu wala mtu mwingine. Mwambie Cucu, "Nilikosea kukuomba mbele ya watu." Ukimaliza hayo nyamaza, usianze kumweleza historia ya depo. Kisha mwambie kwamba Kaari atakuja na mizani. Nawajua wazee wa heshima, huenda akakujibu, "Kaa nayo, baba, nimeshazoea." Hapo moyo wako utaruka. Ukatae! Ukikubali, usiniandikie tena.

Ile nafasi kabatini iache wazi, Mukiri aweke vikombe vya wageni.

Na siku mtakapompeleka binti, beba yai moja la kuku wako wa Timau. Iweke mizani palepale dirishani, mrudishie Cucu kiti chake, mpe yai aliweke mwenyewe, kisha ubahatishe mshale kama wajukuu wake. Mwanamke huyo alikuuliza swali mbele ya watu, ukauchekesha nalo umati. Bado anangoja jibu.