Karata za Constance

Bukavu, Machi 1957

Papa mpendwa,

Je, huko Kamituga mgodini u mzima? Sisi tuko salama. Mvua imeharibu maharagi tu.

Constance hafukuzwi tena shuleni! Sista alitaka kumrudisha nyumbani kwa sababu hakuweza kusoma hata neno moja. Kila akifungua kitabu, anasinzia. Ndipo nikakumbuka alivyopenda kukutazama ukicheza karata. Nikakata vipande vya katoni, nikaandika silabi: so, ko, ma, ji. Anayeunganisha mbili zikawa neno, anazila, zinakuwa zake.

Maman alipoziona alikasirika. Unajua kwamba karata ndizo zilizowagombanisha wewe naye hata ukaondoka.

“Karata tena mu nyumba yangu?”

Constance akapiga mbili chini kwa kishindo, kama wewe. “So-ko. Soko! Nimekula, maman!”

Maman akaketi mkekani. “Unigawie na miye.”

Jana Constance alisoma ukurasa mzima mbele ya Sista. Leo, akizipanga karata, maman aliuliza bila kututazama: “Papa yenu atarudi lini? Tunakosa mutu wa nne.”

Nakuandikia upesi, asije akabadili neno.

Binti yako,
Clémence