Funda la Kwanza

Shikamoo Bibi,

Kijiji hiki cha Ufaransa kiko ubavuni mwa mlima kama kwetu Litumbandyosi, ila badala ya kahawa ni mizabibu mpaka macho yanachoka. Mama mwenye shamba alipika maharage na bata, akanimiminia divai, akasubiri ninywe. Nikakumbuka ahadi yangu kwako: sinywi cha mtu asiyeonja kwanza. Niliogopa kumuudhi, lakini nikamrudishia glasi.

"Kwetu mwenyeji hutangulia."

Akanikodolea macho, kisha akapiga funda kubwa. "Haya, binti, sijafa! Kunywa."

Bibi, ilinukia udongo uliolowa mvua. Nikainywa taratibu kama niko kanisani.

Tunza afya. Nikirudi, togwa yangu nataka uionje kwanza wewe.

Mjukuu wako,
Devota