Khitma ya Watu Watatu

Shumba Viamboni,
Pemba.
20 Novemba 1960

Mpendwa ndugu yangu Ngwali,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Unguja, na kile kiuno chako kinachokusumbua kwa kuinamia herufi za risasi mnazopangia gazeti kutwa nzima kimepata nafuu. Bi Maryamu na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Moyo ndio mgonjwa.

Mke wangu Mwatum ametimiza siku arubaini tangu homa ile imchukue. Mpaka leo nikirudi shamba napiga hodi, kisha nakumbuka hamna wa kuniitikia karibu.

Barua yako nimeipata. Unasema mhariri wako anataka nitie saini kwamba niliyoyaandika Agosti si kweli, kwa sababu wakubwa wa chama wamekasirika na uchaguzi umekaribia. Najua hukuandika kwa kupenda.

Lakini Ngwali, wewe ndiye uliyeipanga barua yangu kwa mikono yako. Kabla yake gazeti letu lilikuwa limesema Thabit mwenye duka katia mafuta ya taa katika kisima chetu, kwa kuwa yeye ni wa chama kile cha wapinzani wetu. Kumbe mafuta yalitoka katika debe letu. Ndoo ilitoboka, marehemu akalifunga kamba debe la mafuta ya taa, akateka maji bila ya kulisuuza vizuri. Aliniambia mwenyewe huku analia, akanihimiza niandike kabla duka la mtu halijatiwa moto. Nikaandika.

Tangu hapo kijiji kimenisusa. Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, ila hawakutwambia kwamba watu watamkimbia. Wenzangu wa chama, niliokuwa nikiwasomea gazeti barazani kila Ijumaa, sasa hupita kwangu wakatazama upande wa pili. Maziko walikuja, kwani maiti hazikwi na mume peke yake. Walimaliza, wakaondoka.

Juzi nilifanya khitma. Nilipika mwenyewe, nikatandika majamvi, nikafungua sanduku la juzuu thelathini za Kurani. Unajua kwetu: kila mtu juzuu yake, na kahawa haijapoa watu wameshamaliza. Walikuja wawili. Shehe Silima, ambaye hana chama ila msikiti, na Thabit. Thabit alizitazama zile juzuu, akanitazama mimi, akasema, "Kumi kumi, Khatib. Tusichelewe." Tulianza jua linachomoza, tukamaliza alasiri, sauti zimekauka. Nililia, wala sikujificha.

Sasa nitie saini nini? Nikitia, kesho baraza langu litajaa, na Mwatum atakuwa mwongo kaburini. Na gazeti linaloandika tulipendalo tu, siku tukionewa sisi litatufaa nini?

Sitii saini. Mwambie mhariri, kama ana nafasi ya mistari miwili, aandike habari hii: khitma ya Mwatum binti Duni wa Shumba imesomwa na watu watatu. Akiikataa na hiyo, basi itunze wewe.

Nisalimie Bi Maryamu, shangazi Kazija na watoto wote. Wa huku wanaokusalimu ni Shehe Silima na Thabit. Wengine nitakuletea salamu zao siku watakaponisemesha.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, wewe na mikono yako.

Nduguyo akupendaye, mwenye hamu nawe,
Khatib Mjaka