Windows Iliyotolewa Kwenye Kompyuta ya Mama Phyllis

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Embu
Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, saa nane na nusu mchana
Jina: Joy Karambu Runji
Umri: Miaka 24
Kazi: Mhudumu katika duka la kompyuta, pamoja na mume wangu
Makao: Mtaa wa Dallas, Embu
Kuhusu: Malalamiko ya Bi. Phyllis Igoki dhidi ya Bw. Runji Kathuri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina la mwisho ni jipya. Nililipata tarehe 21 Februari mwaka huu, kanisani kule Kaaga, Meru, ambako nilizaliwa, na mpaka leo naliandika polepole kwa raha. Koplo Khalifa, anayeandika maelezo haya, ameniomba nianze na kompyuta. Lakini mtu hawezi kuielewa kompyuta hiyo kabla ya kumwelewa Runji, kwa hivyo nitamweleza kwa kifupi.

Runji ni mume wangu na ni fundi wa kompyuta. Hajawahi kukubali kwamba mashine imekufa. Watu wakisema hii ni ya kutupa, yeye huipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaipigapiga mgongo kama mtoto aliyemaliza kunyonya, kisha akasema, "Hii imechoka tu." Mtu anayeongea hivyo na chuma, mimi nilijua ataongea na mke vizuri zaidi. Sikukosea.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Machi, asubuhi, Bi. Phyllis Igoki aliingia dukani kwetu. Ni mama mjane mwenye kibanda cha kuchapa pale Runyenjes. Huwachapia watu ratiba za mazishi, kadi za mchango na barua za kumwandikia chifu. Laptop yake ilikuwa ndani ya kiondo, imefungwa kwa leso.

"Kijana," alimwambia Runji, "hii nikiiwasha naenda kukamua ng'ombe, nikirudi bado inazunguka. Juzi wafiwa walikaa kwangu wakingoja mpaka mama mmoja, alikuwa ameshanyamaza, akaanza kulia upya."

Runji aliikagua. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, lakini ya miaka mingi, na Windows iliyokuwa ndani, programu inayoiendesha, ilikuwa imeizidi nguvu. Alimweleza wazi, nami nilikuwa hapo nikimimina chai.

"Mama, nitatoa Windows, niweke Linux. Inafanya kazi ileile lakini ni nyepesi, haina gharama. Nitaipamba ifanane na ile umezoea. Kazi zako zote zitabaki."

Phyllis aliuliza, "Hiyo Linux ni mpya ama ni ya mtumba?"

Runji akasema ni mpya.

"Basi weka."

Siku ya Jumatano tuliifanya kazi hiyo pamoja. Naomba iandikwe kwamba ilikuwa siku tamu sana katika ndoa yangu, na kufikia sasa nimeona nyingi tamu. Linux ilipokwisha kuingia, Runji alinikalisha mbele ya mashine. Akasema, "Leo wewe ndiye Phyllis. Fanya yote ungefanya kwa Windows, mimi nitatazama mkono wako."

Nilifundishwa Windows nikiwa sekondari, kwa hivyo kuwa Phyllis hakukunishinda. Nilipeleka mshale pembe ya chini kushoto bila kufikiri. Hapakuwa na kitu, mstari wote wa vitufe ulikuwa juu. Runji akaushusha chini, akaweka kitufe cha kuanzia kushoto na saa kulia. Nikabonyeza faili mara mbili, ikafunguka mbili, kwa sababu ilikuwa imewekwa kufunguka kwa mbonyezo mmoja. Akarekebisha. Nikaandika ratiba ya mazishi ya mtu asiyekuwepo, nikaihifadhi. Akahakikisha inahifadhiwa kwa namna ambayo saiba nyingine, vibanda vya kompyuta, zitaifungua, na kwamba herufi zina upana uleule wa zile za zamani, ili wimbo wa kwaya usirukie ukurasa wa wasifu wa marehemu.

Halafu nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya, nikitafuta Refresh, ile amri ya kuonyesha skrini upya. Kila mtu aliyejifunza Windows hapa kwetu hufanya hivyo. Anawasha, anabonyeza Refresh mara tano au sita, ndipo anaanza kazi. Hakuna anayejua kwa nini. Runji akaniambia Linux haina haja nayo.

Nikamwambia, "Mpenzi, ukimnyima huyo mama Refresh, hatalala."

Alinitazama, kisha akaitengeneza. Haifanyi kitu chochote. Skrini inapepesa kidogo tu. Nikamuuliza ni mwanamume gani mwingine duniani angeketi saa nzima kuunda kitu kisichofanya kazi ili mjane wa Runyenjes apumzishe kidole chake. Hapo akanibusu. Koplo Khalifa ameniuliza kama busu lina uhusiano na kesi. Nimemwambia lina uhusiano, maana linaonyesha nia ya mshukiwa siku hiyo.

Mnamo Alhamisi tarehe 12, karibu saa sita, Phyllis alikuja kuchukua laptop. Aliiwasha, na kabla hajakaa vizuri ilikuwa imefunguka. Alishtuka. Alibonyeza Refresh mara sita, akatabasamu. Akafungua ratiba moja ya zamani, akaichapa, mistari yote ikatoka mahali pake.

"Ai! Inakimbia kama imeona nyoka," alisema. Alilipa, akaifunga kwa leso, akaiweka ndani ya kiondo. Kisha akanyoosha mkono.

"Sasa nipe ile ya zamani."

"Ya zamani gani, Mama?" Runji akauliza.

"Windows. Si ulisema umeitoa?"

Hapa lazima nieleze, ingawa Koplo anajua. Huku kwetu fundi akibadilisha kipuri, anakurudishia kile cha zamani mkononi, hata kama kimekwisha kabisa. Wa pikipiki anakupa breki zilizolika. Wa redio anakupa spika iliyochanika. Ndivyo unavyojua kwamba kweli alibadilisha na hakukulipisha bure, tena hakuuza kitu chako kwa mwingine. Phyllis alitueleza kwamba mashine ya kusaga ya marehemu mume wake ilipobadilishwa mkanda, alirudishiwa ule uliokatika, na uko ukutani jikoni mpaka leo.

Runji akasema, "Mama, Windows si kitu cha kushika kwa mkono."

"Kama si cha kushika, wewe uliitoa na nini?"

Runji alitazama vidole vyake.

"Niliifuta, Mama."

"Umefuta mali yangu?" Phyllis aliitoa laptop tena, akaigeuza chali juu ya meza, akagonga kwa kidole stika ya Windows iliyo chini yake. "Hii ni nini? Stika si hii? Gari ikiwa na stika, gari iko. Stika yangu iko. Yenyewe iko wapi?"

Kwa bahati mbaya Runji alicheka. Hakucheka kwa dharau, Runji hana dharau. Alifurahia tu hoja ile, maana ilikuwa nzuri. Lakini mama wa miaka sitini hachekwi mbele ya watu, na dukani palikuwa na wateja wawili.

"Cheka," Phyllis alisema. "Mimi nilifikiri wewe ni mtoto wa watu."

Nikajaribu kumshika mkono. Akaniambia, "Mwari wakwa, binti yangu, wewe kaa kando. Huyu umeolewa naye juzi, humjui."

Maneno hayo yaliniuma sana.

Runji alipoona nimeumia, akakumbuka jambo la kusaidia, nalo ndilo lililomfunga. Kabla ya kugusa mashine ya mteja, yeye hunakili kila kilicho ndani jinsi kilivyo, asije akapoteza kazi ya mtu. Alikuwa ameinakili Windows ya Phyllis nzima kwenye diski yetu ya nje. Kwa hivyo akasema kwa sauti ya furaha, "Mama, ngoja, tulia! Ninayo! Iko kwangu nyumbani!"

Wateja wakageuka.

"Mmesikia?" Phyllis aliwauliza wale wateja wawili. "Iko kwake nyumbani."

"Ninaitunza tu, Mama."

"Iko sehemu gani ya nyumba?"

Runji hajui kudanganya. Akasema, "Chumba cha kulala."

"Nenda ulete sasa hivi."

Na hapo Runji akasema maneno ambayo mtu yeyote angeyashuku. Alisema, "Nipe mpaka Jumatatu." Phyllis akabeba kiondo chake akaondoka bila kuaga.

Leo Ijumaa, saa tatu asubuhi, askari wawili walikuja dukani pamoja na Phyllis, wakamchukua Runji. Alikuwa ameshika bisibisi. Alinikabidhi, akaniambia, "Usisahau kula." Sijala.

Nitaeleza kwa nini aliomba Jumatatu. Diski hiyo ni moja tu tuliyo nayo, na ndani yake mna harusi yetu. Video yote, kuanzia mimi nikitoka kwa mama yangu mpaka mwisho. Mpiga picha alishafuta yake ili akapige harusi nyingine. Kompyuta zetu za dukani ni kuukuu, hazina nafasi ya kuibeba. Runji alitaka kwanza apate diski nyingine, ahamishe harusi, ndipo ampe Phyllis hii. Diski hukaa chini ya mto wetu. Sina haya kusema hivyo.

Leo saa tano niliruhusiwa kuongea naye kwenye mlango wa seli. Nikamwambia naenda kuileta.

"Usiilete," akasema. "Wataiweka kama kielelezo, ama huyo mama aondoke nayo, ama mtu aibonyeze vibaya. Acha nilale hapa."

"Runji, leo ni Ijumaa. Usipotoka leo utakaa mpaka Jumatatu. Na kesho?"

Kesho Jumamosi tunatarajiwa Kaaga. Ni mara yetu ya kwanza kurudi kwa wazazi wangu tangu harusi. Baba yangu, Mzee Kithinji, ameshaweka mbuzi kando. Ni mkulima, na tangu mwanzo alisema kazi ya kompyuta si kazi, ni kubonyezabonyeza. Ilinichukua mwaka mzima kumgeuza. Nikifika peke yangu niseme mkwe wako yuko ndani kwa wizi, hatauliza ni wizi wa nini.

Runji akafikiri. "Mwambie nina homa."

"Siwezi kuanza ndoa na homa ya uongo."

"Basi mwambie ukweli. Lakini harusi usiitoe, Karambu. Ulikuwa umependeza sana."

Afande, alisema hivyo akiwa hana viatu wala mshipi. Nililia pale pale kwenye korido. Kisha nilienda Dallas, nikainua mto, nikaichukua.

Sasa ninaikabidhi diski hiyo mbele ya Koplo Khalifa. Ni nyeusi, imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichobaki kwa gauni langu. Ndani yake mna folda mbili. Moja imeandikwa MAMA PHYLLIS, nayo ni Windows yake nzima, haijapungua hata kidogo, hata ule uzito wake upo. Nyingine imeandikwa SISI. Mume wangu hakuiba. Alitunza kitu kibovu cha mtu mahali alipotunza kitu chake kizuri kuliko vyote. Naomba Bi. Phyllis achukue kilicho chake. Kama haiwezekani kugawa, achukue yote, mimi nipewe Runji. Harusi nilikuwepo, ninaikumbuka.

Nimesomewa maneno haya nami nimeyakubali kuwa yangu na ya kweli, ingawa Koplo amefupisha mahali pa busu.

Sahihi: J. Karambu Runji

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa. Mengine kuhusu mume wake sikuyaandika.

Saa tisa na dakika kumi mlalamikaji aliitwa, akaonyeshwa diski. Aliipima uzito mkononi, akaigeuza, akasema, "Kumbe ni kitu." Aliomba kuthibitisha kilicho ndani kwa kutumia laptop yake mwenyewe. Alibonyeza Refresh mara kadhaa, kisha kwa makosa akafungua folda ya SISI. Video ilianza. Maafisa waliokuwa zamu walisogea kwa ajili ya usalama.

Baada ya muda mlalamikaji alielekezwa folda iliyo yake, akaiona. Aliulizwa kama anataka kuondoka na diski. Alisema Windows yake ikae hapo kando ya harusi, kwamba yeye alitaka tu kuiona kwa macho. Ameondoa malalamiko na ametia sahihi. Amemwambia mshukiwa kwamba siku nyingine asimcheke mtu mzima. Mshukiwa ameomba msamaha na ameachiliwa huru saa kumi kasorobo.

Wakati wa kufunga maelezo haya, mshukiwa na shahidi bado wako kituoni, wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono. Wameshindwa kuondoka na diski yao kwa sababu mlalamikaji amerudi kwenye video ya harusi na amekataa ichomolewe. Anasema keki bado haijakatwa.

Koplo Khalifa