Baba Anataka Kwenda Mbele ya Tume, Mimi Mwenyekiti Namzuia

Bi Zam mpendwa, nisaidie mwanao kabla sijaharibu zaidi. Nakuandikia kwa Kiswahili, ambacho nilikipata nilipokuwa nikiuza ngozi na maziwa karibu na kambi ya jeshi hapo Mbarara, kwa sababu kijijini kwetu upande wa Masha wanaokisoma ni wachache, na aibu niliyo nayo sitaki isomwe na jirani.

Mimi ni mwenyekiti wa RC, yaani baraza la kijiji. Serikali hii ilipoingia nilikuwa wa kwanza kusimama mikutanoni na kusema waliotutesa wachunguzwe wote, wakubwa kwa wadogo, nikapiga meza mpaka watu wakanipa jina la Tume, watoto wakiniona njiani wanasema Tume anapita, nami nacheka kwa sababu jina lenyewe nililipenda. Kusema kweli, niliposema wakubwa kwa wadogo nilikuwa nawaona watu wa Kampala wenye magari. Baba yangu sikumwona.

Baba, mzee Eriya, alikuwa chifu wa muluka, vijiji vyetu kadhaa kwa pamoja, wakati wa utawala uliopita. Mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa huku kwetu, yeye ndiye aliyepita na vijana wa chama kilichotawala akiwaonyesha nyumba, hii ndiyo, ile siyo, na mimi wakati huo nilikuwa Mbarara na ngozi zangu, niliporudi nikakuta nyumba yetu ina mabati na migomba yetu imefika mpaka kisimani, nikaambiwa wenyewe wamekimbilia kambini Nakivale, nami nikala matoke nikalala.

Mwezi uliopita akaja afisa mmoja wa jeshi kututangazia kwamba tume ya kuchunguza maovu ya zamani itasikiliza watu Mbarara. Akaniambia, "Chairman, wewe utaleta watu wenye waliona na macho. Wenye walisikia tu, wabaki nyumbani." Muda si mrefu akatokea mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anaitwa Kamugwera, mjane wa Sebagabo aliyekuwa jirani yetu. Sebagabo alipigwa siku ile ya kufukuzwa, akafia njiani kabla hawajafika Nakivale. Nikajua mama amekuja kudai shamba, nikaanza kumweleza habari za sheria, akanikatiza kwa upole.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kwa ajili ya shamba. Nataka waandike kwamba Sebagabo alikufa, na waandike ni nani alionyesha nyumba yetu. Basi."

Bi Zam, mimi Tume nikamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi, na Nakivale si karibu, nikamwambia lazima kijiji kikubali kwanza ndipo nimpeleke. Hakuna sheria kama hiyo, niliitunga pale pale nikiwa nimesimama.

Unajua tunavyopiga kura siku hizi, hakuna karatasi, watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, mchana kweupe, kila mtu anamwona mwenzake. Nikaitisha mkutano, nikamsimamisha Kamugwera upande mmoja na makamu wangu Nasani upande wa pili, nikasema anayetaka tufukue mambo ya 1982 apange nyuma ya mama, na anayetaka tusahau tujenge nchi apange nyuma ya Nasani. Nilijua ninachofanya. Nusu ya kijiji imekalia ardhi ya waliofukuzwa, na nusu nyingine inaiogopa nusu hiyo. Mstari wa Nasani ukafika barabarani. Nyuma ya mama hakukuwa na mtu, naye akabaki amesimama, anaangalia mbele tu, amekunja mikono kwenye shuka lake.

Ndipo baba akainuka. Anatembea kwa fimbo siku hizi, nikadhani anakwenda kwa Nasani, lakini akapita mbele ya watu wote akaenda kusimama nyuma ya Kamugwera, peke yake. Mama akageuka, akamwona ni nani, akasogea kando kidogo, ila hakumfukuza. Baba akasema, "Mimi niliona. Ni mimi nilionyesha nyumba. Nipelekeni."

Na mimi mwanawe, mbele ya kijiji kizima, nikasema mzee wetu si mzima siku hizi, kichwa kimechoka, msimsikilize. Watu wakacheka. Baba akaniangalia, na macho yale ninayaona hata nikifumba yangu.

Tangu siku ile hasemi nami. Kila asubuhi anavaa koti lake la uchifu anakaa mlangoni kungoja wa kumpeleka Mbarara, na mimi nimekwisha kuwakataza wenye pikapu wasimpakie. Mke wangu Kellen anasema mzee akienda atafungwa na sisi tutaezuliwa mabati juu ya vichwa vya watoto, ndugu zangu wanasema tume yenyewe ni kisasi cha walioshinda, nikiwasikiliza naona wana haki, halafu nakumbuka kwamba mwaka jana mtu akisema hivyo ningempigia meza. Siku ya kusikilizwa imekaribia. Je, ni halali mtoto kumpeleka baba yake mwenyewe? Na kweli kuna faida gani serikali mpya kuchunguza ya zamani, si bora tusahau? Naona haya hata kuuliza. Ukichapisha, badili majina.

Mwenyekiti Mwenye Haya, Masha


BI ZAM ANAJIBU

Mwanangu Mwenyekiti, majina nimebadili. Kiswahili lakini hakitakuficha, maana ukurasa huu unasomwa na wanajeshi kambini, na wake zao, na wenye maduka wote wa mtaa wangu. Hiyo ni hesabu yako nyingine iliyokwenda kombo.

Nakuonea huruma, na sisemi kwa mdomo tu. Mzee aliyekulisha ukakua ndiye yule yule aliyeonyesha nyumba, na moyo wako haujui uwaweke wapi watu wawili hao. Mzigo huo hukuuomba. Lakini hayo mengine uliyoniandikia umeyafanya juzi, na akili zako timamu, na hakuna chifu aliyekutuma.

Unaniuliza kama serikali mpya ichunguze ya zamani. Mbona jibu ulikuwa nalo, mpaka watoto wakakupa jina? Lilikupotea siku uchunguzi ulipoingia uani kwenu. Ndugu zako wanasema ni kisasi, na huenda wasiwe waongo. Nimeuza vitenge hapa Mbarara chini ya serikali nyingi, na kila iliyoingia iliapa kufagia uchafu wa iliyotoka, kisha fagio likaishia kwa maadui. Sasa niambie, kisasi ni kitu gani kama si kuchunguza baba za wenzako na kumficha wako? Unakilalamikia na huku unakipika. Na serikali yako hii nayo itakuwa ya zamani siku moja, pamoja na wewe mwenyekiti wake. Atatokea mtu aulize ni nani alimsimamisha mjane peke yake mbele ya kijiji. Ndiyo faida ya kuchunguza unayoniuliza: anayeshika madaraka ajue kuna siku ya kuulizwa.

Yule mama mmemfukuza mara mbili. Mara ya kwanza kwa fimbo, mara ya pili kwa mkutano, kwa utaratibu mzuri, kila mwananchi akipewa nafasi ya kupanga mstari. Kifo cha mtu hakipigiwi kura, mwanangu. Sebagabo ama alikufa ama hakufa.

Baba yako alifanya ubaya mkubwa, nami sitaupunguza kwa sababu ya fimbo yake. Ila katika kijiji chenu kizima siku ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyefanya lililotakiwa, na wewe ukamwita mwenda wazimu. Unauliza kama ni halali kumpeleka. Nani kakuambia umpeleke? Anakwenda mwenyewe. Wewe kazi yako ni nauli na kumshika mkono kwenye ngazi.

Basi leo hii, ukimaliza kusoma, nenda ukapige magoti mbele yake umtake radhi, na Kellen akuone. Itisha tena watu wale wale waliocheka, uwaambie mzee ni mzima na mwongo ulikuwa wewe. Halafu uende Nakivale kwa miguu yako, usitume mtu. Mweleze Kamugwera siku ya kusikilizwa, na ukiri kwamba ile sheria uliitunga. Atakalokuambia limeze. Usimwombe amsamehe baba yako, hilo si lako kuomba, wala usimpakie gari moja na mzee ila akitaka mwenyewe. Shauri hili lote uliondoe mikononi mwako, umwambie yule afisa atafute mwingine wa kuwaleta mashahidi, na umweleze kwa nini.

Kellen naye nisimdanganye. Kama mzee atafungwa sijui, mimi si hakimu. Mabati aanze kuyazoea kama mabati ya watu. Na kuhusu shamba, mama alisema hakuja kwa ajili yake. Hakusema si lake. Lirudisheni kabla hamjaamriwa, maana mkingoja amri hakuna atakayewaita waungwana.

Siku yenyewe, usiende kukaa mbele pamoja na viongozi. Mzee atasema aliyoyafanya, kwa sauti yake mwenyewe, na utatamani ardhi ipasuke. Ndugu zako hawatakuwapo, na wa kijijini wote watakuwa wanaangalia miguu yao. Wakiuliza kama mzee huyu ana mtu wake humu ndani, simama.