Mchungaji Aliyetangulia Ng'ombe

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya mawe meusi ya volkano inapanda miguuni. Umeme upo, basi sina kisingizio.

Nimechoka, na si kwa kazi ya mikono.

Mimi, mwalimu wa hesabu mstaafu, ninahangaika kuandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Python ili ng'ombe mmoja wa kuchorwa apande kilima. Ni Gaju, ng'ombe wetu wa Masisi. Mke wangu anasahau. Majina ya watoto yameanza kumponyoka, na picha za kwetu hazikubaki. Nilitaka aione njia ya kurudi zizini kabla nayo haijamtoka.

Mwanzoni Gaju alitetemeka tu palepale. Leo nimeona kosa: amri ya kumweka mahali pa kuanzia niliiandika ndani ya sehemu inayojirudia, kwa hiyo kila akipiga hatua alirudishwa. Nikaitoa. Akatembea! Mchungaji mbele, Gaju nyuma, wakapanda. Nikamwita mke wangu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Alitazama. Akanishika mkono.

“Papa Neema, tuko tunakimbia tena?”

Kwetu mchungaji hutembea nyuma ya ng'ombe. Mbele, kamba mkononi, nilitembea mara moja tu: siku tuliyokimbia Masisi.

Hiyo ndiyo niliyomwonyesha.

Nikageuza. Nikaandika kwamba mchungaji amfuate Gaju, nikasahau kuwa Gaju bado ameamriwa kumfuata mchungaji. Wakasimama wote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Kumbe Gaju lazima apewe njia yake mwenyewe, nukta baada ya nukta. Nimeandika hadi kwenye chemchemi, pale njia inapogawanyika. Baada ya hapo sijui. Kushoto au kulia? Miaka yote ile nilifuata mkia wake. Sikuwahi kuchagua njia.

Nikamwuliza mke wangu. Akacheka, kile kicheko chake cha zamani.

“Umuulize Gaju, muzee. Si ni yeye alikuwa anakuchunga?”

Nikacheka naye. Moyo ukaanza kunirudi.

Kisha akaniuliza Gaju ni nani.

Nimemwacha ng'ombe amesimama pale kwenye chemchemi. Asubuhi, mke wangu akiamka na kichwa chepesi, nitamwuliza tena: kushoto au kulia? Na asipojua, nimebaki na nani wa kuuliza?