Taa Iliyowaka Kona ya Kulia

Jumamosi, jioni. Babati.

Manyunyu yameanza asubuhi na hayajakatika. Mlima Kwaraa haujaonekana kutwa nzima. Nimerudi kutoka mjini na matope ya hapa Nakwa yamejaa kwenye viatu, nimeviacha mlangoni, sina hamu hata ya kuviosha. Sijaandika humu tangu tulipouza gari. Nilijiambia sina la kusema.

Nilikuwa nalo.

Niwaeleze wale wanaosoma humu ambao hawatujui. Mume wangu, Baba Debora, alikuwa dereva wa malori, ya mahindi na mbaazi, Babati mpaka Dar, Babati mpaka Mwanza. Kisha lori likapinduka na mguu wake wa kushoto ukabanwa. Mguu waliuokoa, lakini goti halikunji tena. Klachi hawezi kuikanyaga. Mimi ndiye niliyemwogesha miezi ile, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Nalisema hili mapema kwa sababu litaeleza mengine, ingawa halitayafuta.

Halafu mdogo wake aliyeko Dar akanunua gari jingine na kumpa kaka yake lile la zamani. Gari dogo la umeme, mtumba wa Japani. Halina klachi, halina gia za kuhangaika nazo, na halitaki petroli ambayo tusingeimudu. Tulipitisha waya dirishani na kulichaji kwa umeme wa sebuleni. Majirani walicheka sana. Wakaliita simu. "Baba Debora, simu yako imejaa?" Naye alikuwa anajibu, "Imejaa, twende Sigino."

Na kweli alikuwa anakwenda. Shamba letu liko Sigino, na kwa miaka yote aliyokaa na mguu ule alikuwa analiona kwa kusimuliwa. Sasa akawa anajipeleka mwenyewe. Anashuka na gongo lake, anasimama kichwani mwa shamba, anawaambia vibarua mahali walipopalilia vibaya, anarudi nyumbani amechoka na anakula vizuri. Alinenepa. Alianza tena kupiga mluzi bafuni.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni mteremko. Gari lile ukiondoa mguu kwenye pedali linajizuia lenyewe, na linapojizuia linarudisha chaji kidogo kwenye betri. Alikuwa ananionyesha kwenye dashibodi, "Ona, ona, tunapewa." Mtu aliyezoea kuona mafuta yanakwisha kila kilima.

Kisha taa zikawaka.

Ya kwanza ni ile ya breki, ya ABS, ikafuatiwa na ile yenye picha ya gari linaloteleza. Siku hiyo hiyo lile jambo la kujizuia kwenye mteremko likakoma. Gari likawa linaserereka tu. Ukizima na kuwasha, taa zinapotea. Kesho yake zinarudi.

Nililipeleka mimi kwa Fundi Elia, maana uwanja wake una mawe na vyuma kila mahali na Baba Debora angeanguka. Elia ni fundi mzuri, ametutengenezea mengi. Alichomeka mashine yake ya kupimia akasema ni sensa ya mwendo, gurudumu la mbele kulia. Akanieleza kwamba kila gurudumu lina kifaa kidogo kinachosoma linavyozunguka na kuiambia kompyuta ya gari. Kikinyamaza, au kikisema uongo, kompyuta inachanganyikiwa. Inaweza kudhani gurudumu limekwama wakati linazunguka vizuri, na ikaachia breki wakati wewe unazikanyaga. Na ikishakosa uhakika wa magurudumu, inazima na lile la kurudisha chaji.

Sensa iliagizwa Dar, ikaja, ikafungwa. Taa zikakaa kimya. Tukashukuru Mungu.

Zikarudi.

Hapo ndipo Baba Debora aliponiambia. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi, na kwake kuvaa soksi ni kazi. Akasema, "Mama Debora, nimeisikiliza hii taa. Inawaka nikikata kulia. Kushoto haiwaki. Mwambie Elia hivyo hivyo, kulia tu, hasa usukani ukizunguka mpaka mwisho. Hiyo siyo sensa. Kuna waya unavutwa mahali."

Nikasema sawa.

Lakini kabla sijalipeleka tulikwenda Bonga kwenye msiba. Tulipokuwa tunarudi, anakata kulia kuingia barabara kubwa, taratibu kabisa, mbele yetu kulikuwa na mzee na mkokoteni wa punda. Baba Debora akakanyaga breki. Breki zikatetemeka, zikagonga chini ya mguu wake, na gari likaendelea kwenda. Halikwenda mbali. Mtu mwingine angesema ni hatua chache tu. Tulisimama mdomo wa gari ukiwa karibu na gurudumu la mkokoteni, na yule mzee akatuangalia kwa mshangao tu, hata hasira hakuwa nayo. Punda hakugeuka.

Mimi nilipiga kelele. Nilipiga kelele ambayo nilikuwa sijaipiga siku ya lori, kwa sababu siku ya lori sikuwepo, niliambiwa kwa simu.

Wiki ile nikalipeleka gari kwa Elia. Alikuwa na kazi nyingi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, akaniuliza, "Mama, safari hii limefanyaje?"

Nikasema, "Taa imewaka tena."

Basi. Hayo tu. Yale ya kona ya kulia sikuyasema.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilisahau. Au niliona aibu, mwanamke kumfundisha fundi kazi yake kwa maneno ya mumewe. Siyo kweli. Nilikumbuka vizuri, neno kwa neno. Ukweli ni kwamba sikutaka litengenezwe. Nilitaka Elia ashindwe. Nilitaka aseme limeshindikana, ili nirudi nyumbani na neno la fundi mkononi, na mume wangu asiwe barabarani tena.

Elia akapima, mashine ikamwambia sensa ile ile. Akaitoa, akaisafisha, akaifunga upya, akalitembeza uwanjani pale kwake ambapo huwezi hata kukata kona nzuri. Taa haikuwaka. Ikawaka tulipofika nyumbani. Mwishowe akasema labda ni kompyuta yenyewe ya breki, na hiyo kuipata ni shughuli.

Nikapeleka neno hilo nyumbani kama lilivyo.

Baba Debora aliniuliza kitu kimoja. "Ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Akasema, "Haya. Kama hivyo, liuze." Nilishangaa alivyokubali haraka. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nimeandaa hata machozi. Hayakuhitajika. Bwana Rajabu, yule anayeuza vitambaa mjini, akalinunua akijua lina tatizo. Siku linaondoka Baba Debora hakutoka nje.

Kuanzia hapo amekuwa mtu wa barazani. Shamba analisikia kwangu. Mluzi hakuna. Nilijiambia ni huzuni ya gari, itapita.

Leo nilikwenda dukani kwa Bwana Rajabu kuchagua kitambaa cha sare ya kwaya. Gari liko nje, limeoshwa. Nililitambua na nikataka kurudi, lakini alikuwa ameshaniona.

"Mama Debora! Karibu, karibu sana. Mzee hajambo? Mpe salamu zangu, mwambie nalishukuru gari lake."

Nikauliza, kwa adabu tu, kama taa zile bado zinamsumbua.

Akacheka. Akasema alilipandisha kwenye lori mpaka Arusha, kwa fundi anayeshughulika na magari ya umeme. Yule fundi hakufungua kitu kwanza. Alilizungusha uwanjani, akakata kushoto, akakata kulia. Kulia, taa ikawaka. Akaufuata waya kutoka kwenye sensa kwenda ndani ya bodi, na mbele kidogo ya pale unapounganishwa akaukuta umekatika ndani kwa ndani. Ganda la nje zima, huwezi kuona. Usukani ukizunguka kulia waya unavutika, ncha zinaachana. Ukirudi katikati zinagusana tena. Ndiyo maana sensa mpya haikusaidia.

"Kiwaya tu, mama," akasema. "Kauunga, kaufunga vizuri, ameshamaliza. Mpaka leo hakuna taa."

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nadhani nilikikunja na kukikunjua mara nyingi, kwa sababu aliniuliza kama rangi hainipendezi.

Nikamwuliza kama anaweza kuturudishia gari. Ilinitoka tu, sikupanga. Aliniangalia kwa huruma, mtu mwema yule, akasema, "Ningekupa, Mama Debora, Mungu shahidi. Ila mke wangu ameshalizoea, ndilo linalopeleka watoto shule. Nikimwambia tunalirudisha, nyumbani hapatakalika."

Nilitoka bila kitambaa.

Nilipofika nyumbani Baba Debora alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa chini karibu na mguu wake mbovu, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nikamweleza yote aliyosema Bwana Rajabu.

Aliacha kuchambua. "Alikata upande gani?"

"Kulia."

"Na lile la kurudisha chaji limerudi?"

Sikuwa nimeuliza. Nikasema nadhani limerudi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona meno yake. Alifurahi. Sikuelewa. Nilitegemea kila kitu ila furaha.

Ningeweza kuishia hapo. Nilifikiria kuishia hapo.

Nikasema, "Baba Debora, mimi sikumwambia Elia."

"Ulisahau."

Alinipa mlango wa kutokea, wazi kabisa.

"Sikusahau. Niliogopa. Baada ya yale ya Bonga, nilitaka lisipone."

Manyunyu yalikuwa yanapiga bati. Akachukua punje moja ya harage, akaigeuza kwenye vidole, akaiweka mahali pake.

"Kwamba unaogopa nilijua," akasema. "Mtu akikupigia kelele vile huwezi kutojua. Lakini hili la kutomwambia sikulijua." Kisha, "Mimi nilidhani fundi ameambiwa, ameangalia, hakuna kitu. Nikasema basi, hata masikio yangu yameharibika. Nasikia vitu ambavyo havipo. Dereva wa namna hiyo ataua mtu. Ndiyo maana nikakwambia uza."

Kumbe sikuuza gari lake tu.

Nilikuwa nadhani anahuzunikia chuma. Miezi yote hii nilimpikia uji, nikamletea redio barazani, nikampa moyo kwamba magari yapo mengi. Naye alikuwa amekaa pale akijihesabu kuwa mtu aliyekwisha, kwa sababu ya neno moja nililolisema na lingine nisilolisema. Alikuwa sahihi, na mtu pekee aliyejua kwamba hakusikilizwa ni mimi.

Nimeomba msamaha. Amesema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sikumwuliza tena. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nimemwomba Jumatatu twende wote kwa Fundi Elia. Nitaita bajaji, na pale kwenye mawe nitamshika mkono. Nataka amweleze Elia mwenyewe, kwa mdomo wake, taa ilivyokuwa inawaka na alivyoitambua. Na nataka Elia asikie kutoka kwangu kwamba ujumbe ulitumwa na haukufika, asije akadhani Baba Debora alinyamaza au yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kazi. Gari halitarudi kwa sababu hiyo. Najua.

Alisema tutaona.

Giza linaingia sasa. Nimeshawasha taa ya jikoni na sufuria iko jikoni inangoja maharage ambayo bado hayajaletwa. Namsikia pale barazani, punje zinagonga ungo, anaacha, anaendelea. Nimesimama mara mbili niende kuyachukua, nikarudi kukaa.

Sijui kama anataka nimfuate, au anataka kwa leo nimwache amalize mwenyewe.